Maswali ya Wasomaji: Triathloni kwa Mtu wa Bara

Toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu triathloni ya sprinti: unaogelea mita 750, unapanda baiskeli kilomita 20, unakimbia kilomita 5, na saa haisimami hata unapofunga viatu. Aya hiyo imeleta maswali mengi kutoka Dodoma mjini, Mpwapwa, Manyoni na Kondoa. Wengi wanauliza baiskeli gani wanunue. Tumewajibu, ila wino mwingi umekwenda kwenye maji, maana huko ndiko mkimbiaji wa huku kwetu anakokwama.

Nakimbia kilomita 10 kwa dakika 55, na kazini naenda kwa baiskeli kila siku. Kuogelea najua kidogo, lakini nikifika mita 50 pumzi imekata. Mashindano yako miezi mitatu mbele. Nitaweza? (Area D, Dodoma)

Utaweza. Anayekimbia kilomita 10 hana upungufu wa pumzi. Pumzi anayo, ila ameifungia ndani. Waogeleaji wengi wapya hubana hewa uso ukiwa majini, kisha wakigeuza kichwa wanataka kutoa na kuvuta kwa nusu sekunde. Haiwezekani. Hewa chafu inabaki kifuani, mwili unapiga kelele, wewe unadhani umechoka. Dawa yake ni kupuliza mfululizo kwa pua na mdomo muda wote uso ukiwa chini, mapovu yatoke, ili ukigeuka kazi iwe moja tu ya kuvuta. Geuza kichwa kwa upande, sikio moja libaki ndani ya maji. Ukikiinua kutazama mbele, kiuno na miguu vinazama, na hapo unakuwa unaburuta mwili wako kama gogo.

Ingia majini mara tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara. Wiki tatu za kwanza piga mita 25 mara 12, ukipumzika sekunde 30 kila baada ya moja. Wiki ya nne hadi ya sita iwe mita 50 mara 10, mapumziko sekunde 20. Wiki ya saba hadi ya tisa mita 100 mara 6, na siku moja kati ya hizo tatu jaribu mita 200 mara 3. Wiki ya kumi na ya kumi na moja, ogelea mita 750 mfululizo mara moja kwa wiki, polepole kabisa. Wiki ya mwisho punguza kila kitu nusu. Kama mita 50 ya nne imechukua sekunde 10 zaidi ya ile ya kwanza, tatizo si nguvu, ulianza kwa pupa.

Kuna jambo moja linalowatuliza wengi: kanuni hazikulazimishi mtindo. Unaweza kuogelea kama chura, kulala chali, hata kushika boya au mtumbwi wa waokoaji upumzike, mradi usiutumie kujivuta mbele. Siku ya mashindano simama pembeni au nyuma ya kundi, hesabu hadi kumi wenzako wakishaingia, ndipo uanze. Utapoteza sekunde kumi na kuepuka teke la uso.

Bwawa la hoteli ninayokwenda ni fupi mno. Nitajuaje nimefika mita 750? (Kizota)

Lipime kwa futikamba, usiamini unachoambiwa mapokezi. Bwawa la mita 25 ni safari 30, la mita 15 ni safari 50, la mita 14 ni safari 54. Ili usipotee kwenye hesabu, weka kokoto ukingoni na usogeze moja kila baada ya safari kumi.

Ila bwawa fupi linadanganya. Kila ukisukuma ukuta kwa miguu unapewa mita tatu au nne za bure pamoja na sekunde mbili za kupumua, na kwenye maji ya wazi ukuta haupo. Kwa hiyo siku moja kwa wiki geuka kabla ya kugusa ukuta, mita moja hivi, uanze tena kwa mikono tu. Inachosha na inaudhi, na ndiyo inayofanana na mashindano.

Zoezi la pili ni la kuona njia. Kwenye maji ya wazi hakuna mstari mweusi wa kukuongoza chini kama ule wa mabwawa ya mashindano. Fumba macho upige mikono kumi, fumbua, angalia umeelekea wapi. Karibu kila mtu ana upande anaovutika. Ukishaujua wako, jizoeze kuinua macho tu juu ya maji kama mamba kila baada ya mikono sita hadi kumi, uone boya, kisha ugeuze kichwa pembeni kupumua. Mdomo usitoke pamoja na macho.

Kwa nini tusifanyie mazoezi bwawa la Hombolo au Mtera? Maji yapo tele. (Mwanafunzi, UDOM)

Mtera ina mamba na viboko. Hapo hatuna la kuongeza.

Kwa Hombolo, na kwa bwawa lolote la maji baridi yaliyotuama nchini, chukulia kwamba kichocho kipo mpaka wataalamu wa afya wa eneo hilo wakuambie vingine. Vimelea hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye majani ya kando, na huwa wengi zaidi jua likiwa kali, kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Kama umeshaingia, au mashindano yenyewe ni ya ziwani, nenda kituo cha afya ukapimwe mkojo na choo baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ya praziquantel haiui vizuri minyoo michanga, ndiyo maana kuimeza jioni ile ile na kujihesabu umepona ni kujidanganya. Kipimo chake hufuata uzito wa mwili, kwa hiyo usinunue tu vidonge viwili dukani.

Halafu usiogelee maji ya wazi peke yako. Mwenzako awe kwenye mtumbwi, na wewe ufunge boya la rangi kali kiunoni.

Nina baiskeli ya milimani yenye gia. Rafiki yangu ana Phoenix. Lazima tununue za mashindano? (Nzuguni)

Si lazima. Mashindano mengi ya ridhaa hupokea baiskeli yoyote nzima, lakini soma tangazo lao kwanza. Wanachokagua ni breki mbili zinazoshika, usukani usiochezacheza, na ncha za usukani zilizozibwa. Bomba la usukani lililo wazi linaweza kumtoboa mtu akianguka, na kizibo cha chupa ya mvinyo, hizo za zabibu za hapa hapa kwetu, kinatosha. Phoenix itamaliza, ila chuma chote kile na gia moja dhidi ya upepo wa Dodoma ni adhabu. Rafiki yako akipata ya kuazima, aazime.

Kwenye ya kwako pesa iende kwenye tairi. Toa zenye meno makubwa, weka laini za inchi 1.5, ujaze upepo wa PSI 55 hadi 65 bila kuzidi namba iliyoandikwa ubavuni. Meno yale yanakula nguvu zako kwenye lami kila unapokanyaga. Kisha siti. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limepinda kidogo. Baiskeli nyingi mtaani siti iko chini mno, na maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanaanzia hapo. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ikauke, itiwe tone moja la oili kila kiungo, kisha ifutwe. Oili inayong'aa nje ya cheni inakusanya vumbi jekundu, na baada ya wiki una msasa unaokula sproketi.

Pedeli zizunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika. Hesabu goti la kulia kwa sekunde 15. Likipanda mara 20 hadi 22 uko sawa. Gia nzito inayozunguka mara 60 inamaliza mapaja ambayo bado yana deni la kilomita tano.

Kuhusu njia: kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukianza kuelekea Ihumwa kwa barabara ya Morogoro unapambana nao ukiwa na nguvu na unarudi ukisukumwa. Ukianza kuelekea Nala kwa barabara ya Singida ni kinyume chake, na watu hujikuta kilomita 10 kutoka nyumbani wakijiona mabingwa, mpaka wageuke. Barabara zote mbili zina malori, kwa hiyo toka saa 12 asubuhi kunapopambazuka, ukiwa na kofia ngumu, taa nyekundu nyuma na shati la rangi kali.

Kila wiki napata pancha, wakati mwingine mbili kwa siku. Ikinitokea siku ya mashindano? (Mpwapwa)

Pancha ya pili siku ile ile karibu kila mara ni mwiba ule ule uliobaki kwenye tairi. Kuna mbigili, kuna miiba ya mgunga, na kuna nyuzi nyembamba za chuma zinazomwagika tairi la lori likipasuka. Hizo nyuzi ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu hazionekani. Usipitishe kidole mle ndani, pitisha kitambaa. Kikinasa, hapo ndipo. Chomoa kwa koleo.

Siku ya mashindano usibandike kiraka, badilisha tyubu. Weka cheni kwenye sproketi ndogo, toa gurudumu, ondoa upande mmoja wa tairi kwa vijiti vya plastiki ukianzia mbali na valvu. Kagua. Tyubu mpya itie upepo kidogo tu ishike umbo, iingize ukianza na valvu, kisha rudisha tairi kwa vidole ukianzia upande ulio mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu yenyewe. Sukuma valvu ndani mara moja, uzunguke ukiangalia kama tyubu imebanwa popote. Ndipo ujaze. Ukiona kwenye tyubu ya zamani matundu mawili yanayotazamana, huo si mwiba, ni upepo mdogo: uligonga shimo na rimu ikaibana tyubu.

Fanya zoezi hili nyumbani mpaka ushuke chini ya dakika nane. Siku yenyewe msaada wa ndugu aliyesimama kando ya barabara unaweza kukuondoa mashindanoni, kwa hiyo tyubu, vijiti na pampu viwe kwenye baiskeli yako. Na kagua aina ya valvu. Pampu ya valvu nene haitajaza ile nyembamba bila kiunganishi chake.

Hapo pa kubadilisha kutoka maji kwenda baiskeli pananichanganya. Nini kinaanza? (Chang'ombe)

Kofia ngumu. Ukikumbuka neno hilo moja, umeshaepuka kosa linaloadhibiwa sana: kofia ivaliwe na kifungo kifungwe kabla hujagusa baiskeli, na ukirudi, kifungo kisifunguliwe mpaka baiskeli iwe imetundikwa.

Asubuhi tundika baiskeli, tandaza taulo dogo pembeni. Kofia iweke juu ya usukani, mdomo juu, kamba zimefunguliwa, miwani ya jua ndani. Viatu vya kukimbia viwe na kamba za lastiki na poda kidogo ndani, ukanda wa namba juu yake. Chupa moja ya maji ni ya kusuuza miguu, maana chembe moja ya mchanga ndani ya soksi kwa kilomita tano inatosha kukutoa lengelenge. Kisha tembea njia yote: kutoka majini hadi baiskeli yako, na kutoka baiskeli hadi mlango wa kutokea. Hesabu safu. Usitumie gari jeupe lililoegeshwa kama alama, litaondoka.

Ukitoka majini miwani ya kuogelea ipande kwenye paji la uso ukikimbia. Vaa kofia, funga, vaa viatu, ukanda wa namba uwe mgongoni, sukuma baiskeli kwa kushika siti hadi mstari wa kupandia, upande baada ya mstari. Kurudi, shuka kabla ya mstari. Namba igeuke mbele kwa ajili ya kukimbia. Anayeanza atumie viatu vile vile vya kukimbia kwenye baiskeli. Viatu vya kubana kwenye pedeli vinaweza kusubiri mwaka ujao.

Barabarani, pale ambapo kujificha upepo nyuma ya mwenzako kumekatazwa, nafasi ya kawaida ni mita 10, yaani karibu baiskeli tano au sita. Ukiingia ndani yake ni kwa kupita, na una sekunde 20. Spika za masikioni hapana, kifua wazi hapana.

Nile nini? Na maji kiasi gani kwa joto letu? (Bahi)

Usiku wa kuamkia, wali au viazi kwa mchuzi mwepesi. Maharage na mboga nyingi za majani ziache. Ni chakula kizuri, lakini si kwa tumbo litakalolala kifudifudi majini kesho yake. Asubuhi, saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya kuanza: uji mwepesi wenye sukari, au vipande viwili vya mkate na ndizi mbivu moja. Ugali wa asubuhi unakaa sana. Mashindano yenyewe kwa anayeanza ni kama saa moja na nusu hadi mbili, hivyo huhitaji karamu njiani. Tende tatu nne au zabibu kavu kiganja kimoja kwenye baiskeli, basi.

Kwa maji, hewa ya Dodoma ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona, ndiyo maana watu hapa husema hawatoki jasho. Jipime uzito ukiwa mtupu kabla na baada ya saa moja ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja, jumlisha ulichokunywa. Kwa wengi chupa moja ya mililita 500 hadi 750 kwenye baiskeli inatosha, kwa mafunda madogo kila dakika 10. Kinywaji cha bei nafuu ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Unga wa ubuyu kijiko kimoja unakipa ladha, lakini ujaribu mazoezini kwanza. Baadhi ya watu ubuyu unawapeleka chooni haraka.

Shindano letu liko pwani. Kuna tofauti gani na huku? (Manyoni)

Ya kwanza ni unyevu. Huku jasho linakauka na kukupoza, kule linatiririka tu na joto linabaki mwilini. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kulizoea, na kwa kuwa wengi hawana likizo hiyo, anza baiskeli na mbio polepole kuliko ulivyopanga. Kwamba unatoka kwenye zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari hakukupi ruhusa ya kukimbia kama mwehu.

Ya pili ni bahari. Chumvi inakuelesha, hiyo ni zawadi. Lakini uliza saa za maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwandamo, maji huenda mbali na kurudi kwa kasi, na mkondo unaweza kukusogeza kando ya boya. Lenga upande mkondo unakotoka, si boya lenyewe.

Ya tatu ni basi. Baiskeli itawekwa kwenye buti na mizigo itarundikwa juu yake. Toa magurudumu, geuza usukani, toa pedeli. Ya kulia inafunguka kinyume cha saa kama nati yoyote. Ya kushoto inafunguka kwa kufuata saa. Mafundi wenyewe husahau, wanakaza kwa nguvu zote wakidhani wanafungua, na uzi unakufa. Spana namba 15 iwe mfukoni mwako.

Nina miaka 58 na ninameza dawa za presha. Vijana wangu wananicheka. Nijaribu? (Kondoa)

Shikamoo mzee. Kwanza daktari, na umwambie wazi neno "kuogelea", usiseme "mazoezi" tu. Vifo vichache vinavyotokea kwenye mashindano haya, vingi hutokea majini, na mara nyingi moyo ndio unaohusika. Baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo saa ya mkononi inayohesabu mapigo itakudanganya. Pima kwa mazungumzo. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, punguza. Kifua kikibana, au pumzi ikikata ghafla ukiwa majini, lala chali na unyanyue mkono, waokoaji wanaijua ishara hiyo. Daktari akikuruhusu, vijana tutawaona mstari wa mwisho.

Nikishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa si yangu. Tatizo ni nini? (Area C)

Hakuna tatizo. Mapaja yamezunguka mduara ule ule kwa dakika 50, nyonga haijanyooka hata mara moja, na sasa unayataka yabebe mwili. Yanachukua kama dakika tano hadi kumi kuelewa. Yafundishe mara moja kwa wiki: baiskeli dakika 40, tupa baiskeli ndani, na kabla ya dakika tatu kuisha uwe unakimbia, dakika 10 tu. Wiki ya sita fanya 20.

Kilomita ya mwisho ya baiskeli weka gia nyepesi, zungusha haraka, simama kwenye pedeli mara mbili unyooshe mgongo. Ukianza kukimbia, hatua fupi fupi. Na usiamini kasi unayoihisi, maana ukitoka kwenye baiskeli kukimbia kunaonekana polepole hata unapopaa. Kama lengo lako ni dakika 32, yaani dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita, ya kwanza iende kwa dakika 6 na sekunde 40. Hizo sekunde 16 utazirudisha kuanzia kilomita ya tatu, wakati walioruka mbele yako wanaanza kutembea.